Mwongozaji Mkuu wa Ruvubu

Jumatatu, 6 Julai 2009. Muyinga.
Habari kubwa. Bi Charlotte wa ofisi ya utalii Gitega anatafuta mwongozaji wa wageni kutoka vijiji vinavyopakana na hifadhi ya wanyama ya Ruvubu. Huyo ni mimi, Godfrey. Hifadhini sijawahi kuingia, lakini hilo halijui mtu. Tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania miezi minane sasa na shamba letu tumelikuta lina wenyewe wapya. Kasilda, mke wangu, analima kibarua. Lazima nipate kazi hii.

Jumatano, 8 Julai. Gitega.
Barua ya chama changu cha waongozaji nimeipeleka mwenyewe. Chama kina mtu mmoja. Muhuri niliuchonga kwa soli ya kandambili, ukatoka maandishi kinyume. Bi Charlotte aliigeuzia barua dirishani, akausoma muhuri kwa nyuma, hakucheka. Akasema atakuja Jumamosi nimtembeze.

Ijumaa, 10 Julai.
Nani anazijua njia? Jirani yetu, Mzee Urbano. Nimemwomba atangulie kama mbeba maji, asiseme neno. Kakubali, ila tupitie mahali fulani karibu na mto. Sikuuliza kwa nini.

Jumamosi, 11 Julai.
Nilianza vizuri. Kila ndege nilimpa jina, mengine niliyatunga palepale. Kisha Urbano akasimama penye miti mizee ya mivumu iliyopandwa duara, akavua kofia. Bi Charlotte akauliza ni nini. Nikawahi kujibu kwamba ni zizi la nyati.
"Hapana," Urbano akasema. "Hapa ni kwetu. Tulitolewa wakati hifadhi ilianza. Mama yangu iko chini ya ule mti. Mi sijafika hapa tangu ile siku."
Akapiga magoti, akaanza kung'oa majani. Taratibu, kama mtu anayemchana mtoto nywele.
Nilimkumbuka baba. Tulimwacha kule kambini, chini ya kibao chenye namba. Jina halikuandikwa. Siwezi kwenda kumpalilia. Nikapiga magoti nami, nikang'oa. Bi Charlotte alikaa pembeni, akatungoja bila kuandika chochote.

Jumatatu, 13 Julai.
Jibu limefika. Mwongozaji ni Urbano. Mimi jina langu halimo. Urbano ameomba jambo moja tu: njia ya wageni isipite penye mivumu. Wamekubali.
Kasilda, ambaye Urbano alishamsimulia, kaniambia, "Baba Vumilia, juzi pale chini ulikuwa mtu." Nilitoka nje. Nimelia nyuma ya nyumba, kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya baba, sijui.

Jumanne, 14 Julai.
Urbano kaja asubuhi na ndizi. Ameiambia ofisi kwamba bila mimi hafanyi kazi, nami nimechukuliwa kuwa msaidizi wake. Alinishika mikono yote miwili. Akaomba nimfundishe Kiingereza cha kupokea wageni, maana nilikisoma kidogo kambini.
Mtu mwema kabisa. Nimeanza somo leo leo. Sentensi ya kwanza, kwa maana yake: mimi ni mbeba maji, mkuu wangu ni Bwana Godfrey.
Ameirudia mchana kutwa, kofia mkononi, macho yamelowa. Anadhani anasema karibuni kwetu.