Roboti Niliyoizima Pinetown

Niliusikia mvumo kabla sijaliona gari: mwembamba, kama wa friji nyumba ikiwa tupu. Kisha likatokeza kwenye kona ya uwanja wa mazoezi wa Pinetown, nje ya Durban, usukani ukizunguka wenyewe. Hakuna mtu.

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe.

Ulikuwa mtihani wa waokoaji: ufanye nini gari lisilo na dereva likipata ajali na mtu yumo ndani. Tunapimwa wawili wawili. Mwenzangu, Papa Modeste, alikuwa muuguzi Bukavu kwa miaka kumi na tisa. Huku anatengeneza simu, maana vyeti vyake havitambuliki. Cheti cha leo kingemruhusu kugusa mgonjwa tena. (Mimi ni mwandishi; nilikuja kutafuta kisa cha riwaya. Mungu anisamehe.)

Gari likasimama kwenye taa nyekundu ya mazoezi. Ndani, mwanasesere wa plastiki ameinamisha kichwa: ndiye majeruhi wetu. Mkufunzi, muuguzi Sista Thandeka, akapaza sauti:

"Zimeni roboti kwanza! Mtu asiguse kitu kabla!"

Sasa, wa Durban mnanielewa. Hapa roboti ni taa za barabarani. Miaka sita naelekeza watu: ukifika kwenye roboti, kata kushoto. Nikakimbia. Si kwenye gari, ile roboti aliyoimaanisha Sista. Kwenye taa! Nikaukuta waya, nikauchomoa. (Kwa madaha, naomba ijulikane.)

"Roboti imezimika!"

"Sharp!" akajibu Papa Modeste, yaani sawa. Akaniamini. Akaingiza mikono yote miwili dirishani, amshike mgonjwa shingo.

Gari likaona taa haiwaki. Likafikiri kidogo. Likaona njia nyeupe, likaondoka.

"Yesu wangu! Iko natembea! Mwandishi, iko natembea!"

Akawa anakimbia ubavuni mwake, kiatu kimoja kimebaki nyuma, lakini shingo ya plastiki hakuiachia. Mimi nimesimama na plagi mkononi. Sista Thandeka akabonyeza kitufe chake, gari likasimama ghafla. Wenzetu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Ingekuwa barabarani," akaniambia, "sasa hivi ningekuwa na majeruhi wawili."

Papa Modeste alikuwa anahema. "Maneno ndiyo kazi yako, hapana? Neno moja tu, ndugu. Moja!"

Nikasema kosa ni langu peke yangu. Nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kizulu changu kibovu. Sista Thandeka akaamua: Papa Modeste arudie na mtu mwingine. Mimi nirudi mwezi ujao.

Akarudia. Akaweka kabari chini ya magurudumu, akakata umeme wa gari, ndipo akamshika yule mwanasesere kama mtoto wa mtu.

Saa kumi nilikuwa ofisini najaza fomu ya kurudia mtihani. Msinicheke, tafadhali; au chekeni kwa sauti ya chini. Maana Papa Modeste alipita na cheti kifuani, akanitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyelala, akatoka, akaufunga mlango taratibu, usitoe hata mlio.