Msiba wa Mchambuzi Mdogo

Rodrick alikuwa anakunywa chai ya tangawizi pale Lyamkena, mtaa wa Makambako, chai ya kukopa, alipomsikia Mzee Hilario akilalamika meza ya jirani.

Mzee Hilario alikuwa na yadi kubwa ya mbao Makambako, malori, na shamba la parachichi upande wa Mdandu. Kitu ambacho hakuwa nacho, kwa maelezo ya ofisa mikopo aliyetoka kumwona asubuhi ile, ni sura ya kampuni.

"Ameniambia niko kama kibanda cha mtu mmoja," alimwambia muuza chai. "Mimi. Kibanda."

Muuza chai, ambaye kibanda kile kilikuwa chake na alikiendesha peke yake, alifuta meza.

Rodrick aliweka kikombe chini. Miji mingi imeanzishwa kwa sababu ya mto au reli; bahati ya Rodrick siku zote ilianzishwa na mtu mwenye fedha aliyedharauliwa.

"Kamwene, mzee wangu," alimsalimu, akisogeza kiti.

"Kamwene."

"Samahani kwa kuingilia. Tatizo lako si fedha. Fedha unazo. Huna wa kuzichambua. Kampuni yoyote inayojiheshimu ina idara ya uchambuzi wa fedha."

"Idara ina watu wangapi?"

"Inaenda kwa ngazi. Chini kabisa yupo mchambuzi mdogo. Huyo anakusanya takwimu: umeuza nini, umenunua nini, lori limelala wapi. Yeye mwenyewe halali. Juu yake yupo mchambuzi mwandamizi. Anazichukua zile takwimu na kusema zimekosewa."

"Zinakuwa zimekosewa?"

"Si lazima. Lakini asiposema, uandamizi wake utaonekana wapi? Juu yake kuna meneja. Meneja anakuja kwako na suti, anakueleza kwa nini mwaka haukwenda kama tulivyotabiri."

"Na juu yake?"

Rodrick alishusha sauti kama aliyeingia kanisani watu wakisali. "Mkurugenzi wa fedha. Huyo haongei sana. Anatazama karatasi, anatikisa kichwa, anasema, 'Hilo tutaliangalia.'"

"Na kwa hilo analipwa?"

"Kuliko wote."

Mzee Hilario alitazama barabara. Kichwani alishamwona ofisa mikopo akisimama kumpisha mkurugenzi wa fedha mlangoni.

"Nipe wote wanne," alisema.

Tumtendee Rodrick haki. Uchambuzi wa fedha alikuwa ameusomea kweli, mpaka pale yeye na chuo walipotofautiana kuhusu ada. Baada ya hapo aliomba kazi ya ngazi ya chini kabisa mahali pengi, na kila mahali walitaka awe na uzoefu wa kazi ileile waliyokataa kumpa. Hatimaye akaamua kujiajiri. Na alipojiajiri, hakuona sababu ya kujipa nafasi moja tu.

Idara ilifunguliwa Njombe mjini, kwa kuwa ndipo makao ya mkoa, na kwa kuwa kutoka Makambako si mahali pa kuchungulia tu na kurudi. Ofisi ilikuwa chumba cha kupanga nyuma ya mgahawa wa mama lishe mmoja, Janeth, mwenye sauti inayofika mbali. Humo Rodrick aliishi na laini zake za simu. Kwenye laini ya kwanza alikuwa Timoth, mchambuzi mdogo, mwenye sauti nyembamba na hofu ya kila kitu. Ya pili ilikuwa ya Emanuel, mwandamizi, aliyekohoa kabla ya kulaumu. Ya tatu ilikuwa yake mwenyewe, meneja. Ya nne ilikuwa ya Dokta Agustino, mkurugenzi, aliyepumua kwa uzito na kusema, "Hilo tutaliangalia." Mwisho wa mwezi mishahara minne iliingia kwenye laini nne, na kila mmoja wa wale mabwana alishukuru kwa namna ya ngazi yake.

Mzee Hilario alikuwa na furaha. Tatizo lilianza alipowauliza swali la kweli.

"Meneja," alipiga simu, "kwa nini faida inashuka?"

Faida ilikuwa inashuka kwa sababu ya idara. Rodrick aliliona hilo mara moja, maana hakuwa mchambuzi mbaya. Lakini si jambo ambalo idara yoyote duniani imewahi kuliandika. Taarifa ilipofika Makambako ilisema kwamba pale yadini kuna gharama isiyo na tija, nayo ni karani wa mauzo.

Karani wa mauzo alikuwa Yudita, ambaye wote walimwita Mama Jeni. Alikuwa mjane. Mshahara wake ulikwenda moja kwa moja kwenye ada ya binti yake, Jeni, aliyekuwa anasoma bweni kwa masista, na kilichobaki alikila kwa adabu. Mzee Hilario alimkabidhi barua kwamba kazi yake itakoma mwisho wa mwezi, huku akitazama dirishani.

"Si mimi, Mama Jeni. Ni uchambuzi."

"Bosi, hao wachambuzi umewahi kuwaona?"

"Meneja namwona. Waliobaki ni idara. Idara haionwi ovyo."

Yudita alirudi mezani kwake, akaweka barua chini ya kikokotoo, akachukua simu. Alianza na mdogo, akidhani mtoto wa mtu atakuwa na huruma.

"Timoth, mwanangu, mimi ni Mama Jeni wa yadini. Nimekukosea nini?"

"Mama, mimi nakusanya takwimu tu," ilijibu sauti nyembamba. "Muulize mwandamizi."

Nyuma yake sauti ya mwanamke iliita, "Kaka Rodrick, chai yako inapoa!"

Yudita alishukuru, akampigia mwandamizi. Emanuel alikohoa. "Mimi nakagua takwimu tu, mama. Maamuzi yako juu."

"Kaka Rodrick," iliita ile sauti, "nimeipasha tena, njoo!"

Akampigia meneja. Rodrick alisema kwa upole kwamba yeye hueleza tu, haamui, na kwamba uchumi ni mgumu kwa wote. Nyuma kulikuwa na sufuria zinazogongana kwa hasira.

Akampigia mkurugenzi.

"Hilo," alisema Dokta Agustino, akipumua, "tutaliangalia."

"Rodrick, naimwaga!"

Yudita alikata simu, akaitoa ile barua chini ya kikokotoo na kuisoma upya, safari hii akitabasamu. Kwenda kwa bosi hakukuwa na maana. Mtu anayejivunia idara humwambii kwamba idara yake yote ni mtu mmoja anayeacha chai ipoe. Alikaa na jambo lake mpaka kesho yake, kisha akampigia tena Timoth, kama mama anayetaka kuaga tu.

"Sina kinyongo, mwanangu. Ila nasikitika kuondoka kabla sijafa."

"Kabla ya nini, mama?"

"Kufa. Sisi hapa yadini tuna mfuko wetu wa maafa. Mfanyakazi akifariki, kila mtu anatoa kwa cheo chake, na bosi anaongeza juu. Kifurushi cha rambirambi kinakuwa kinene, mwanangu, mtu unatamani ungekuwepo ukakipokea. Nakiacha hivihivi. Haya, kazi njema."

Wiki ileile, Mzee Hilario aliagiza idara nzima ije Makambako kupiga picha ya kutundika ofisini, mahali ambapo ofisa mikopo angeiona. Rodrick alitafakari tatizo hilo kitaalamu. Watu wanne kwenye picha ni wengi. Mkurugenzi angeweza kuwa safarini na mwandamizi kuugua kifua. Mdogo peke yake ndiye asiyekuwa na udhuru, maana mdogo hana ruhusa ya kuugua. Na kile kifurushi kilikuwa kinamnyima usingizi.

Kwa hiyo Timoth akafariki. Homa ya ghafla, nyumbani kwao Lupingu, kule chini ziwani. Rodrick alichagua Lupingu kwa sababu ni mbali, na njia ya kuteremka Ludewa humfanya mtu afikirie mara mbili. Yeye binafsi, alisema kwa simu, angepita kuchukua rambirambi na kuifikisha kwa mama wa marehemu.

"Apumzike kwa amani," alisema Yudita. "Kifurushi kiko kwangu, meneja, mimi ndiye mweka hazina. Bado michango ya idara yenu tu. Bosi amesema hawezi kuweka ya kwake kabla hajaona ya mkurugenzi."

Rodrick alipiga hesabu. Alituma ya mwandamizi, kisha ya meneja, kisha ya Dokta Agustino, ambayo ililingana na hadhi ya Dokta Agustino na karibu imalize mishahara yake yote. Haikumuuma. Fedha zilikuwa zinatoka mfuko wa kushoto kuingia wa kulia.

Kosa lake lilikuwa moja. Alikuwa amesoma vitabu vya gharama, vya mtaji na vya hatari, lakini alikuwa amesahau nchi anayoishi. Alidhani mtu anaweza kufa kivyake.

Alipoingia yadini kesho yake asubuhi akiwa na suti nyeusi na kompyuta begani, mashine za kupasua mbao zilikuwa zimezimwa. Kosta ilikuwa imeegeshwa getini. Akina mama walikuwa wamevaa vitenge sare na wanapakia mchele, maharage na sufuria. Kwaya ilikuwa inajaribu sauti. Katikati ya yadi, juu ya meza mbili, kulikuwa na jeneza la mbao safi isiyo na kifundo hata kimoja, na Fundi Mikaeli akilipiga msasa.

"Pole sana, mwanangu," alisema Mzee Hilario, akimkumbatia kwa machozi. "Mfanyakazi wangu hawezi kuzikwa na watu baki. Tunaenda wote."

"Mzee, barabara ile ni mbaya."

"Ndiyo maana tunawahi."

"Na jeneza, nadhani familia imeshapata."

"La mbao gani?" aliuliza Fundi Mikaeli, akiinua kichwa kwa dharau. "Marehemu alikuwa na urefu gani?"

Rodrick alijitazama hadi viatuni. "Kama wangu."

"Basi simama hapa." Akampima kwa futi, mabegani, kiunoni, hadi visigino, akiguna kwa kuridhika. "Umbo zuri sana. Mbao haitapotea."

"Ratiba hii hapa," alisema Mzee Hilario. "Mwandamizi atasoma wasifu wa marehemu. Meneja utatoa shukrani. Mkurugenzi atatoa neno la faraja. Kila mtu kwa ngazi yake, kama ulivyonifundisha. Tunawapitia Njombe."

"Na kile kifurushi?" aliuliza Rodrick kwa sauti ambayo ingefaa kuwa ya Timoth.

Yudita alipiga mkoba wake. "Kinakabidhiwa kaburini, meneja. Mkononi mwa mama mzazi."

Safari hadi Njombe Rodrick aliketi mbele, karibu na dereva, huku nyuma yake kwaya ikiimba kuhusu siku ya hukumu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Walipofika stendi aliomba kushuka akawaite wakubwa wake.

"Acha kompyuta, meneja," alisema Yudita kwa upole. "Utakimbia vizuri zaidi ukiwa mwepesi. Yaani utawawahi."

Aliiacha. Hakuwa na nafasi ya kubishana. Alitembea kwa heshima mpaka kona, na baada ya kona heshima iliisha. Basi la Songea lilikuwa linatoka.

Walisubiri. Mzee Hilario alimpigia mkurugenzi, hakupatikana. Akampigia mwandamizi, akampigia meneja. Akaiweka simu mapajani, uso ukibadilika taratibu.

"Mama Jeni. Siku ile uliniuliza kama nimewaona."

"Ndiyo, bosi."

"Watu hawa nitawaambia nini? Kwamba nimewaletea jeneza la hewa?"

Yudita alimhurumia, ndivyo alivyokuwa. "Waambie familia imezika jana kwa sababu ya njia. Tumwombee hapahapa, tule, turudi."

Wakala wali na maharage kwenye uwanja wa misheni, na Timoth, ambaye hakuwahi kuzaliwa, alililiwa na kwaya nzima kwa machozi ya kweli. Wakati wa kurudi Mzee Hilario alisogea kwenye kiti cha Yudita.

"Ile barua niliyokupa."

"Barua ipi, bosi?"

"Sawa," alisema Mzee Hilario. Baadaye kidogo akaongeza, "Hiyo kompyuta unaweza kuitumia?"

"Naweza. Nitakusanya, nitakagua na nitakueleza. Kazi ya mkurugenzi utaifanya wewe, si ngumu."

Michango ya wafanyakazi ilirudishwa kwa kila mmoja wao. Ya mwandamizi, ya meneja na ya mkurugenzi haikuwa na wa kurudishiwa, na Mzee Hilario, ambaye hakutaka kuulizwa imetoka wapi, alisema iende kwenye ada ya Jeni hadi amalize.

Miezi ilipita. Huko Songea, Rodrick alikuwa ameketi kwenye kibanda kingine, akimsikiliza mfanyabiashara mmoja wa mahindi akinung'unika kwamba benki haimheshimu. Alitia laini ya Timoth kwenye simu ili kupima sauti. Ikaita hapohapo.

"Timoth, mwanangu," alisema Yudita. "Nimejaribu mara nyingi. Huko uliko mtandao unasumbua?"

Rodrick aliziba simu kwa kiganja.

"Nilitaka ujue tu kwamba jeneza lako tunalo. Wateja wamelitaka, nimekataa, nimewaambia lina mwenyewe. Fundi Mikaeli anauliza kama umenenepa."

Mfanyabiashara wa mahindi alikuwa bado ananung'unika.

"Haya, nisikuchoshe. Chai yako kanywe ikiwa ya moto, mwanangu. Safari ile yule dada aliyekuwa anakuita aliimwaga."

Simu ikakatika. Rodrick alikitazama kikombe kilichokuwa mbele yake, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, kikamuunguza ulimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalipa papo hapo.