Vita vya Kuchoshana vya Bi Odarka

Sogeeni, enyi mliokula na mnaongoja kula, tulizeni vijiko niwasimulie vita vilivyopiganwa uani kwa Odarka binti Hnat, Simba Jike wa Supu ya Bitiruti, mama yake Lesyk, askari aliyeko mstari wa mbele vitani. Niliviona mwenyewe juu ya uzio, maana mimi ni jirani, na jirani asiyechungulia ni jirani gani?

Adui alikuwa Tymish, bata bukini dume, mweupe wa mbawa, mweusi wa roho. Mwenye bata, Stefa, alikuwa amekimbilia Polandi kwa bintiye, akamwachia bata wake Mzee Panas, jirani wa Odarka. Tymish akavuka mpaka, akaliteka benchi la Odarka mwisho wa ua. Na benchi lile, wapendwa, ndipo mahali pekee upande wetu simu inaposhika mtandao. Lesyk hupiga Jumapili alasiri. Jumapili iliyopita Odarka alilikaribia, simu ikaita, Tymish akamng'ata shavu la mguu. Akarudi nyuma, sauti ya mwanawe ikapotea kabla haijafika. Wiki nzima hakujua kama yu mzima.

Jumapili hii shujaa akaita washirika. Panas akaja na mfuniko wa pipa, kauinua kama ngao ya wafalme, akamkabidhi.

"Odarka, niko nawe hadi mwisho! Ila usiutumie kupita ule mti wa mplamu katikati ya ua."

"Lakini adui yuko ng'ambo ya mplamu, mzee wangu!"

"Najua, mama. Stefa akisikia bata wake kapigwa kwa mfuniko wangu, ile kahawa anayonitumia kutoka Polandi sitaiona tena. Tusichochee mambo."

"Kwa hiyo huku nijikinge na nani? Kuku?"

Mbwa Bublyk naye alibweka upande wetu alfajiri. Kufika saa mbili alikuwa anakula shayiri ya Tymish, wamekaa kama mabalozi.

Ndipo Odarka, Mwenye Subira Isiyopimika, akaketi kizingitini na chai yake, akashika ndoo ya bati, akanena: "Ewe Tymish, mwana wa yai! Sikupigi. Wewe utatumia mwili mzima, mimi kifundo cha mkono. Tutaona nani atakwisha kwanza!"

Akaitikisa ndoo, mpini ukagonga bati kwa kelele. Tymish akainuka, akatandaza mbawa, akafoka, akashambulia hadi kwenye mplamu, hakukuta mtu, akarudi. Hajakaa vizuri, ndoo ikalia tena. Ikawa hivyo asubuhi yote, shujaa akinywa chai, adui akipigana na hewa. Adhuhuri mfoko wake ulikuwa kama kikohozi cha babu. Kwa hasira akamng'ata mkia Bublyk, na mkataba ule ukafia palepale: mbwa akaja kulala miguuni pa Odarka, hana hata haya.

Panas alipoona upepo umegeuka, akavua mabuti yake marefu ya mpira.

"Vaa haya, usije ukaumwa tena. Pita mplamu, pita popote."

"Na kahawa?"

"Nitakunywa chai kwako."

Mzee wa watu akabaki na soksi kwenye tope. Hilo nililiona, na siachi kulisema.

Odarka akasonga mbele, buti kubwa, hatua ndogo. Tymish alikuwa amejikunja benchini, kichwa chini ya ubawa, amelala fofofo. Ngao ilikuwa mkononi, adui mbele yake. Akaiweka chini polepole, akaketi kwenye nusu iliyobaki. Simu ikatetemeka, akaipokea kwa kunong'ona.

"Mama? Mbona unanong'ona? Kuna nini?"

"Nyamaza, mwanangu. Adui kalala."

Kikasikika kicheko kilichobanwa. "Basi na mimi ninong'one. Mama, mimi mzima."

"Sema tena."

"Mimi mzima."

Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku ile nusu ya benchi ilikombolewa, unyoya haukung'oka, na mama na mwana wakazungumza mpaka chaji ikaisha, kwa sauti ndogo sana, wasimwamshe bata.