Mzee Masunga Anaagwa Saa Nane

Leo nimemuua mzee wa watu. Mzima wa afya, anatembea, ana suti mpya. Naandika hapa nimejibanza nyuma ya mashine ya fotokopi, simu nimetoka kuizima, natumia kompyuta ya kazini. Bora mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa bodaboda, maana mji huu mnaujua.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Kabula, dizaina wa pale steshenari kwa Minza, hapa Bariadi. Kazi zangu mnazijua pia: kadi za harusi, kadi za kipaimara, picha za pasipoti, na mabango ya misiba. Hasa mabango ya misiba! Mishumaa nimeweka mpaka nimechoka. Mawaridi nimepanda kuliko mkulima yeyote wa Simiyu. Na moyoni siku zote nataka kitu kimoja tu, kuchora. Mtu afungue kijitabu akute ng'ombe, shamba, mama na jembe lake, na vyote vimetoka mkononi mwangu.

Basi mwezi huu Mungu akanikumbuka. Kiwanda kimoja cha kuchambua pamba (jina nalihifadhi, nimewafanyia ya kutosha) kinatafuta mchoraji wa kuajiriwa. Kazi yenyewe ni kuchora vijitabu vya wakulima: namna ya kupanda kwa mistari, namna ya kupulizia dawa bila kujipulizia mwenyewe. Mkataba! Bima! Meza yangu peke yangu! Meneja wao, dada Neema, akaniita.

"Kabula, michoro yako nimeipenda. Ila kuna wengine wa Mwanza wanaitaka hii nafasi, na wana vyeti. Nifanyie kazi moja nikuone. Bwana shamba wetu, Mzee Masunga, anastaafu. Nitengenezee bango la sherehe ya kumuaga. Likipendeza, tutaongea vizuri."

Likipendeza. Neno hilo limeninyima usingizi wiki nzima. Chakula hakipandi, nikilala naota wale wa Mwanza wamekaa kwenye meza yangu.

Nikajiambia, Kabula, hapa usilete mambo ya mishumaa. Onyesha kwamba na wewe ni wa kimataifa. Nikaingia mtandaoni kutazama wenzetu wa nje wanafanyaje. Mmoja anasema picha ya nyeusi na nyeupe inampa mtu hadhi. Mwingine anasema usijaze vitu, acha nafasi tupu bango lipumue. Mwingine anasema ndege anayeruka ni ishara ya uhuru. Nikawaza, mtu aliyestaafu si ndiye huru kuliko wote? Nikamwekea njiwa. Mweupe.

Kwa hiyo bango likawa hivi. Sura kubwa ya Mzee Masunga, nyeusi na nyeupe, anatazama mbali. Juu ya bega lake, njiwa anapaa. Chini ya jina lake, mwaka alioanza kazi, kistari, halafu mwaka huu. Kisha maneno, kwa mwandiko wa kulala: "Tunakuaga kwa upendo. Kazi umeimaliza. Sasa pumzika, Baba." Na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo: "Kwa kazi nzuri kama hii, piga..." na namba yangu ya simu.

(Najua. Ninyi mmeshaona. Mimi sikuona! Nililitazama mpaka machozi yakanitoka kwa uzuri wake. Nilipaswa kujiuliza kwa nini nalia.)

Nikamtumia Neema kwenye simu. Alikuwa safarini, mtandao wa kubahatisha, akajibu neno moja: "Lifungwe." Asubuhi ya leo fundi wa turubai akalifunga kwenye geti la kiwanda, uso kwa uso na barabara. Mimi nikarudi steshenari kungoja simu ya Neema. Nilikuwa natoa fotokopi za watu zikiwa zimegeuka juu chini, kwa wasiwasi.

Simu ikalia. Namba siijui. Sauti ya mama mtu mzima, nyuma yake kuku wanalia, akanisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Mwangaluka, mayo."

"Mwangaluka, mama."

"Napiga kutoka Nassa. Mimi naitwa Kwandu, dada yake Masunga. Tumetumiwa picha ya bango. Ni kweli ametuacha?"

Moyo wangu! Bango limefika mpaka Nassa, huko Busega! Nikajiweka sawa kwenye kiti. "Ndiyo, mama. Ndiyo hivyo, ametuacha."

"Mbona ghafla hivyo?"

"Siyo ghafla, mama. Ilipangwa tangu mwaka jana."

Hata kuku walinyamaza. "Ilipangwa? Na nani?"

"Na kiwanda."

"Na mwenyewe alijua?"

"Alijua, mama! Si alisaini mwenyewe?"

"Mayo wane, mama yangu!" Nikasikia kishindo, kama mtu amekaa chini kwa nguvu. Kisha taratibu: "Na tunamuaga saa ngapi?"

"Saa nane. Mwenyewe ataletwa na gari la kiwanda. Njooni wote, chakula kipo cha kutosha."

Akakata bila kusema wabeja, hata asante hakuna. Nikamwambia Minza, "Watu wa Nassa wanampenda kweli huyu mzee, mama wa watu amelia." Minza akanitazama kidogo, akaendelea kubana karatasi zake na stepla.

Simu zikafuatana. Wa Maswa wanauliza kama ni kweli. Kweli! Wa Kiloleli wanauliza kama mwenyewe ataonekana au hapana. Ataonekana, nikasema, mbele kabisa! Wengine walikuwa wanalia wazi, na mimi nawaambia wasilie, amefanya kazi yake, muda wake ulikuwa umefika. Nilikuwa najisikia raha kidogo, hofu kidogo. Ila Neema alikuwa bado hajapiga.

Kwenye saa saba akapiga.

"Kabula, uko wapi?"

"Nipo ofisini. Bango limependeza?"

"Njoo," akasema, akakata.

Nikakimbia. Kutoka mbali nikaona turubai, viti vya plastiki, masufuria makubwa yanachemka. Nikashukuru Mungu, sherehe imejaa. Nilipofika karibu nikaona akina mama wameketi chini kwenye mikeka, vitenge mabegani, wanayumba huku na huku. Wanaume wameshika tama. Kwenye mwarobaini alikuwa amefungwa ng'ombe dume, zawadi ambayo wafanyakazi walimnunulia mzee akafugie, na pembeni yake jamaa mmoja nisiyemjua ananoa kisu.

Jamani, mimi nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kwetu sherehe ya kumuaga mtu na msiba vifaa ni vile vile. Turubai, viti, sufuria, ng'ombe. Tofauti ni muziki tu, na fundi wa muziki alipoona watu wanakuja wanalia alibadilisha akaweka mapambio ya huzuni.

Nikatazama juu. Mzee Masunga ananitazama, nyeusi na nyeupe, njiwa begani. Ndipo nikaona! Lile lilikuwa bango la msiba.

Neema akanivuta nyuma ya geti. Macho mekundu. "Bosi wetu aliyeko Mwanza ametumiwa hiyo picha. Ametuma rambirambi. Ananiuliza kwa nini sikumwambia kwamba mzee alikuwa anaumwa."

"Tulishushe!"

"Nimejaribu. Akina mama wamesema nikiligusa watanichania nguo."

"Si uwaambie hajafa?"

"Nimewaambia, Kabula! Wanasema dada yake amepiga namba iliyo kwenye bango, akathibitishiwa. Ameambiwa kiwanda kilipanga, na maiti inakuja saa nane na gari letu." Akalitazama bango, pembeni kule chini. "Hiyo namba ni ya nani?"

Nilianza kuona ile meza yangu inaondoka, na bima yake, na wale wa Mwanza wanaivuta.

Tukampigia mzee, hapatikani. Yeye na mke wake walikuwa wamekwenda Nyalikungu kwa fundi kuchukua suti ya sherehe, na simu haikuwa na chaji. Dereva hapokei. Ikabaki kungoja tu. Bi Kwandu nikamtambua kwa kilio: mama mwembamba, amejifunga kitenge kiunoni, anasimulia habari za kaka yake tangu wanachunga. Kila akifika mahali anasema, "Na wamemsainisha!" watu wote wanapasuka upya.

Saa nane gari la kiwanda likaingia.

Vilio vikapanda! Wanaume wakasimama, wakajipanga wakaenda mlango wa nyuma kupokea. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Akashuka Mzee Masunga, suti ya bluu, karatasi ya bei ya tai bado inaning'inia, mkononi ana muhindi wa kuchoma ameufikisha katikati.

"Mwadila," akasalimia. "Mbona mnalia? Nani amekufa?"

Jamaa wa kisu aliruka uzio wa michongoma kama hauna miiba. Viti vikaanguka. Wengine walikimbilia barabarani wakipiga kelele kwamba amerudi, amerudi. Mke wake akashuka na mfuko wa viatu, anashangaa. Mzee akafuata macho ya waliobaki mpaka kwenye bango. Akatoa miwani. Akasoma yote, taratibu, mpaka namba yangu.

Bi Kwandu peke yake hakukimbia. Akamwendea, akamshika mashavu, akamfinya.

"Masunga, ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Umesaini nini?"

"Nimesaini nini?"

"Kuna binti kasema kwenye simu kwamba ulisaini!"

"Si fomu za kustaafu, dada?"

Mimi hapo nikaona nifanye uungwana. Nikasema kwa sauti ndogo sana, "Samahani, mama." Kosa! Bi Kwandu akageuka, kidole hewani.

"Ndiye huyu! Sauti ni hii hii! Ndiye aliyesema chakula kipo cha kutosha!"

Watu wote wakanigeukia. Waliokimbia wakarudi, maana sasa kulikuwa na cha kuona. Neema akanipa kipaza sauti. "Waeleze," akasema. Nikasimama mbele ya watu wazima wenye macho yaliyovimba, chini ya bango langu, nikafungua mdomo. Nilikuwa nataka kuomba radhi. Kilichotoka ni hiki:

"Mimi naitwa Kabula. Njiwa ni ishara ya uhuru."

Ng'ombe akakohoa. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Bariadi kiangazi hupasuka vizuri tu, ila leo ilikataa.

Mzee Masunga akaja akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. Nikafumba macho. Nikamsikia anapumua, kisha anacheka. Alicheka mpaka akamshikisha mke wake ule muhindi.

"Mimi kwenye kazi hii nimeita mikutano mingi," akasema. "Kiloleli waliwahi kuja watu wachache, na nusu wakalala. Vipeperushi vyangu mmefungia karanga. Leo binti ameweka picha moja tu, mmejaa hapa, wa Nassa, wa Maswa, na mmewahi! Sasa kwa kuwa mmefika, kaeni. Nitasema mara ya mwisho. Mkimaliza kuvuna pamba, ng'oeni masalia, mchome."

Na wakakaa! Kwa hofu, nafikiri. Mtu aliyemwona marehemu akishuka garini hawezi kumkatalia kung'oa masalia. Alifundisha mpaka wali ukaiva. Akamaliza kwa kumgeukia Neema: "Meneja, mnatafuta mtu wa kuwafanya wakulima watazame picha. Mnatafuta nani tena?"

Watu wakapiga makofi. Neema hakupiga. Akanisogelea akasema tu, "Jumatatu asubuhi, ofisini kwangu." Uso hausomeki.

Wakati wa kuondoka mzee akalishusha bango mwenyewe, akalikunja, akaniita pembeni.

"Hili naenda nalo nyumbani. Zuri kweli, gete! Siku ikifika watoto wasihangaike. Ila huu mwaka wa mwisho uufunike, mjukuu wangu. Hiyo siyo kazi ya dizaina."

Nikaufunika kwa karatasi nyeupe na solateipu. Karatasi imekaa upande.

Nilivyorudi hapa kwa Minza simu ilikuwa imejaa ujumbe. Wote wanauliza bei ya bango la msiba kama lile. Mmoja kaandika, "Mgonjwa wetu bado yupo, ila tunaulizia." Ndipo nikaizima.

Kwa hiyo Jumatatu naenda, na sijui kama naitiwa mkataba au naitiwa polisi. Mniombee. Nikikosa, nitarudi kwenye mishumaa yangu kimya kimya. Nikipata nikaondoka hapa steshenari, Minza mpenzi wangu, nakuomba mbele ya watu wote: usinitengenezee bango la kuniaga.