Siku Sita za Kutafuta Nchi Isiyo na Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimeondoka! Kwa majirani nimesema likizo. Siku sita, nauli ya bei ya kutupa, malazi humo humo. Likizo wapi! Ninakwenda kukagua nchi. Nikiipenda nahamia, mimi, familia na spana zangu.

Sababu ni moja, na hunywa chai kwangu kila Jumapili. Shemeji. Mdogo wake mke wangu. Miaka ishirini na miwili nimetengeneza mafriji ya mji huu. Sikufundishwa na mtu. Nilifungua friji la mama yangu nikiwa na miaka kumi na minne. Nilichapwa, lakini liligandisha. Miezi minane iliyopita shemeji akafungua karakana ya mafriji mkabala na yangu. Hatua kumi na saba, mlango kwa mlango! Anaijua kazi? Nusunusu. Ana nini basi? Ana kiti! Kiti chenye mto, nje ya mlango, mteja akae akisubiri. Wateja wangu walikuwa kumi na wanne kwa wiki. Sasa watano. Mke wangu anasema nami niweke kiti. Siweki! Mteja akikaa, anaongea. Akiongea, kazi haiishi.

Mkataba wa karakana yangu unakwisha Jumamosi saa sita mchana, na mzee mwenye jengo hambembelezi mtu. Mke wangu ndiye atakayekwenda kwake. Kaniambia nimpe jibu Ijumaa, neno moja tu: tunahama au tunabaki. Akaongeza kwamba niwafikirie watoto, nisifikirie kiti cha mdogo wake. Nikamwambia kiti hicho sijawahi hata kukitazama.

Uwanja wa ndege. Mzigo mwisho kilo saba, wangu kilo tisa na nusu. Nikavaa mashati manne na suruali mbili. Jasho! Kisha wakalifungua begi. Spana sita, bisibisi tatu, koleo moja. Haviingii ndegeni, wakasema. Nikauliza kama wanadhani nitateka ndege kwa spana namba kumi. Swali hilo halikuwafurahisha. Wakanivua shati baada ya shati, dakika arobaini. Zana zangu zimebaki kwenye ndoo. Ndoo! Na muda wote nimesimama. Viti vyote vimekaliwa na mabegi ya watu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika. Hosteli. Chumba kimoja, vitanda sita, dirisha moja linalotazama ukuta, kiti kimoja. Kimoja! Nacho kimekaliwa tangu asubuhi na mpangaji wa siku nyingi anayesoma gazeti la juzi. Nimempa jina Mzee wa Kiti. Nilimvizia. Saa saba na dakika kumi alikwenda msalani, nikakaa. Aliporudi alisimama mbele yangu, pumzi yake kwenye utosi wangu, mpaka mwenye nyumba, ninayemwita Mama Hosteli, akaja kunieleza kwamba kiti hicho mzee alikuja nacho kutoka kwake. Mama Hosteli anaijua lugha yetu nusu. Nusu nyingine huimalizia kwa mikono, na mikono yake haina adabu.

Mchana nikaanza ukaguzi. Mitaa arobaini na mmoja kwa miguu! Vinyozi kumi na saba. Maduka ya viatu tisa. Mafundi friji: sifuri. Nikarudia mitaa sita ya mwanzo, pengine macho yamechoka. Sifuri! Na penye mapipa ya taka nimeyaona mafriji mawili yametupwa. Moja mlango wake unafunga vizuri kuliko wa friji langu nyumbani. Hesabu haihitaji kalamu. Wanatupa kwa sababu hakuna wa kutengeneza. Mji mzima, fundi hayupo. Shemeji hayupo pia! Nilicheka peke yangu njiani. Watu wakanipisha.

Jumatano, 5 Machi

Ofisi ya vibali vya kazi. Karatasi yangu namba 212, ubaoni inaitwa 87. Viti vinne kwa umati ule. Nchi hii ina ugomvi gani na viti? Nilisimama saa tatu na nusu. Watu mia moja ishirini na watano mbele yangu, kila mmoja kapewa dakika moja na sekunde arobaini. Mimi nilipewa sekunde hamsini.

Karani akataka cheti cha ufundi. Nikabandika mikono yote miwili kwenye kioo. Akasema haina muhuri. Akauliza nilisoma chuo gani. Nikamjibu, jikoni kwa mama. Akaandika jambo refu. Mtihani upo, akasema, kwa lugha yao, na maandalizi yake ni miezi kumi na minane. Kumi na minane! Mke wangu anazaa mara mbili! Nikamwambia nimetengeneza mafriji elfu sita na mia nne. Akabonyeza kengele. Ikaitwa 213.

Sikukata tamaa. Nimekasirika, na mimi nikikasirika ndipo akili inapofanya kazi. Nitaanza kazi kwanza. Karatasi itanifuata.

Alhamisi, 6 Machi

Friji la tatu! Limesimama kando ya barabara mbele ya jengo la ghorofa nne, jeupe, refu, halina hata mkwaruzo. Kando yake meza, magodoro, maboksi. Yaani hawa watu wanatupa nyumba nzima! Nikaamua kulifungua nitoe koili ya shaba, nimpelekee mke wangu ushahidi.

Zana sina. Nilikuwa na kisu cha meza cha Mama Hosteli, nilichokiazima bila kumsumbua kwa kumwomba. Sehemu ya juu ilikuwa na barafu ngumu. Nikaanza kuikwangua. Mimi! Mimi ambaye karakana yangu ina bango la herufi kubwa: BARAFU HAIKWANGULIWI KWA KISU. Mimi niliyewatukana akina mama wa watu kwa kosa hilo hilo. Mara ya nne kisu kikazama. Fyuuuu. Gesi yote ikatoka, nami naitazama inavyokwenda.

Ndipo mwenye friji akatoka mlangoni amebeba taa. Halikuwa limetupwa. Alikuwa anahama. Nilijiandaa kupigwa, lakini akaguna kwa lugha yetu! Mtu wa kwetu kabisa! Akaniuliza, "Ndugu yangu, friji limekukosea nini?" Nikamwambia mimi ni fundi. Akatazama kisu, akatazama friji, akasema kumbe, basi angekuwa mwizi lingekuwa salama.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyenifanyia tangu Jumatatu. Akanivutia kiti. Kiti chenye mikono, kirefu mgongoni, amekitengeneza mwenyewe. Kazi yake ni makochi. Nikakaa pale pale kando ya barabara. Uti wa mgongo ukapumua. Akanipa maji.

Anarudi nyumbani, kesho ndege, vitu vinafuata kwa meli. Miaka kumi na mmoja hapa inamtosha. Nikamwambia amechanganyikiwa: watu wanatafuta njia ya kuja, yeye anaondoka! Akacheka tu, akaniuliza habari za kwetu, biashara zinakwendaje. Nami, ili ajue anaongea na mtu wa maana, nikamweleza karakana yangu. Njia panda, wapita njia mia tatu kwa saa (nimewahesabu), madirisha mawili, mlango wa chuma, kodi ya zamani ambayo mzee hajaipandisha miaka sita. Akauliza mkataba vipi. Unakwisha Jumamosi saa sita kamili, nikamjibu, na mzee hupatikana asubuhi chini ya ngazi. Nikamchorea ramani juu ya boksi, kwa vipimo. Akachana kipande kile, akakikunja, akakitia mfukoni. Akaandika na namba yangu. Friji likishuka melini baada ya wiki sita nitalitengeneza bure, nimetia sahihi.

Mtu mwema. Mjinga kidogo, lakini mwema.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu asubuhi nimemtumia mke wangu neno moja: TUNAHAMA. Akajibu: "Sawa." Sikuipenda sawa ile. Ilikuwa na nukta.

Saa tatu na nusu nikajitapa kwa Mama Hosteli wakati wa chai. Mji mzima, mafundi friji sifuri! Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe hapa friji likiharibika, watu hununua jingine, kwa sababu jipya ni bei ya kumwita fundi mara mbili. La zamani linazolewa na lori la manispaa. Fundi wa mwisho mtaani kwake alifunga miaka tisa iliyopita. Sasa anasoma gazeti kwenye kiti chumbani kwangu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Jumanne. Akasema sikuuliza. Akauliza na kisu chake kiko wapi.

Nikampigia mke wangu. Inaita, haipokelewi. Mara kumi na tisa! Najua maana yake. Mke wangu akikasirika huifungia simu kabatini ikaitie kwenye mashuka. Nikaandika TUNABAKI mara nne. Haijasomwa hata moja.

Kuna mtu mmoja tu anayeweza kukimbia kwa mzee kabla ya kesho saa sita. Yuko hatua kumi na saba kutoka pale. Namba yake ninayo.

Nife kwanza!

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne na nusu kwa saa za nyumbani. Uwanja wa ndege, nimesimama. Nimetafakari. Watoto wanakula kutokana na chumba kile. Nikameza kiburi changu, nikampigia shemeji.

Akapokea mlio wa kwanza. "Shikamoo shemeji! Safari njema? Tumekukumbuka sana huku!" Sauti imejaa asali. Nyuma yake nasikia mteja anacheka. Mteja amekaa, nilijua kwa kicheko chake, mtu aliyesimama hacheki hivyo. Damu ikanipanda. Nikamuuliza hali ya hewa. Akasema jua. Nikakata.

Saa sita mchana ilinikuta angani, nimevaa mashati manne.

Jumapili, 9 Machi

Kufuli jipya! Mlango wangu, kufuli jipya!

Ndani anafagia nani? Yule wa makochi! Dada yake alikwenda kwa mzee jana saa tano, picha ya ramani yangu simuni, akalipa mwaka mzima. Yeye mwenyewe akaniambia, "Karibu, fundi, karibu ukae." Akanisogezea kiti. Kiti cha shemeji! Amekiazima kutoka ng'ambo ya barabara! Nikamwambia ameniibia. Akasema mbona mimi ndiye niliyemwambia, tena na wapita njia nikamhesabia, alidhani ninampa zawadi kwa sababu ya friji. Akanishukuru mbele ya watu.

Nyumbani nikamfokea mke wangu. Akaendelea kukunja nguo. Akasema, "Baba, ulinipa neno moja, nikalipeleka neno moja. Yale mengine manne yalikuja mzee ameshanipa mkono." Alilia Ijumaa, akasema, wakati wa kumrudishia mzee funguo. Kisha akakausha macho, akavuka barabara, akamwomba mdogo wake. Nikafoka kuhusu chai.

Shemeji kahamisha vitu vyangu vyote kwa mkokoteni. Mafriji matano ya wateja, hakuna hata mkwaruzo. Amenipa nusu ya karakana yake. Bure! "Mpaka ujipange, shemeji." Na bango langu la barafu kalitundika ukutani, limenyooka kuliko nilivyolitundika mimi. Hasira niliyonayo haina kipimo.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya tatu kwenye nusu yangu. Nimepiga mstari wa chaki sakafuni. Nusu yangu ni fupi kwa sentimita nne, nimepima mara mbili, nimelalamika mara tatu.

Wateja leo tisa. Haihusiani na kiti.

Lakini mimi si mtu wa kukaa kwa shemeji. Leo nimeokota karatasi ya kampuni ya safari. Nchi nyingine kabisa! Siku tano, nusu bei. Nimeuliza watu watatu, hakuna aliyewahi kusikia fundi friji huko. Hata mmoja! Na safari hii nimekuwa mwerevu: simwambii mtu. Mke wangu hajui. Shemeji hajui. Mdomo wangu umefungwa kama mlango wa friji jipya.

Mchana shemeji alikwenda kununua gesi, akaniachia duka. Miguu inauma, nikakaa kidogo kwenye kile kiti. Kidogo tu. Kina mto mzuri, sikatai. Akaja bwana mmoja mwenye begi la spana, mpole, mgeni mtaani, anauliza vipuri. Naye ni fundi friji, anatafuta pa kufungulia kazi. Nikamwonea huruma. Hajui dunia ilivyo. Nikamweleza nchi yenyewe, kampuni ya safari, tarehe, na hesabu zote za soko, moja baada ya nyingine.

Mtu msikivu sana. Jina la nchi aliniomba nilitaje mara mbili, apate kuliandika.