Wiki Tuliyoacha Kusema Pole

Ijumaa, 30 Januari

Nimelala kwa saa tatu tu. Shaun anaota meno. Mimi naota raga.

Leo asubuhi uwanjani, kabla ya ibada ya kanisani Mesaimeer, hapa Doha, Kocha Mwaura alitukusanya wazazi nyuma ya kamba. Siku za kazi ni fundi wa kompyuta mpole. Ijumaa akivaa filimbi, hata shingo inanenepa. Akatangaza kwamba wiki ijayo anakuja Kocha Mumbua, mchaguzi wa akademia ya raga ya kanda, huko nyumbani Machakos. Yuko Al Rayyan kwa dada yake, atapita kuwatazama watoto wetu. Atachukua mmoja kwa kambi ya Agosti. Mmoja tu! Akaeleza ngazi zilivyo: wakikupenda kambini ukiwa na miaka kumi, wanakufuatilia. Ukifika kumi na minne unaingia akademia yenyewe. Halafu timu ya taifa ya vijana. Halafu mkataba, na raga inakuwa kazi yako.

Mengine sikusikia. Nilikuwa nimeshaenda. Nyasi za kijani zisizo na mwisho, upepo baridi wa nyumbani, binti yangu Chelsea mbele na jezi namba saba, anakimbia bila kuchoka. Mimi nyuma yake, natembea polepole na chupa ya chai. Mgongoni hakuna anayelia.

Filimbi ikanirudisha. Chelsea alikuwa amemwangusha Bradley, angusho safi kabisa. Mpira uko huru, njia nyeupe. Na mtoto wangu kainama anampangusa mwenzake magoti, anamwambia pole! Mpira wakabeba wengine.

Millicent, mama yake Bradley, jirani yangu wa ghorofa ya tatu hapa Al Mansoura, akasema kwa sauti ya kufika golini kwamba binti yangu ana moyo wa unesi, Mungu ambariki. Nikacheka kwa meno. Bradley anaitaka nafasi hiyohiyo.

Nani alimfundisha Chelsea? Mimi. Tangu anatambaa. Mtu akianguka, pole. Akijikwaa, pole. Akipiga chafya, pole.

Jumapili, 1 Februari

Sheria mpya: mpaka Ijumaa hakuna pole ndani ya nyumba hii. Atakayesema ataosha vyombo. Nilisema kwa upole lakini sikuruhusu maswali. Njenga akauliza hata hivyo. Je, mume akirudi amechoka na zamu ya hoteli? Nikamwambia hata mume. Akasema basi, ameoa sajenti.

Baada ya chakula Shaun alisimama kwa kushika sofa. Mara ya kwanza! Akaanguka chali. Chelsea akakaza midomo, macho yakajaa maji, neno halikutoka. Chuma!

Mimi nikasema pole.

Nimeosha vyombo.

Jumatatu, 2 Februari

Nimeosha vyombo mara tatu. Njenga amegonga kidole kwenye meza makusudi. Nina hakika.

Kazini kliniki nilisinzia kwenye kaunta, macho wazi. Nyasi tena, upepo tena. Mgonjwa mmoja akaniambia anaumwa mgongo. Nikamuuliza anacheza namba ngapi.

Jumatano, 4 Februari

Aibu. Na fahari. Sijui niandike ipi kwanza.

Haris, yaani mlinzi wa jengo letu, alikuwa amepiga deki pale chini. Tumetoka dukani, Chelsea ametangulia na pakiti ya unga. Millicent akatoka kwenye lifti na trei ya mayai, sijui anampelekea nani. Mguu ukateleza. Akakaa chini puu! na mayai yote mapajani.

Chelsea akamruka.

Naapa. Unga kwapani, mkono mwingine mbele, macho kwenye lifti. Akamruka jirani yetu kama hayupo, akaingia, mlango ukajifunga. Hatua zilikuwa nzuri jamani! Nilitaka kupiga makofi.

Nilimwinua Millicent mwenyewe. Pole nikaimeza, ilikwama kooni kama mfupa. Nikasema tu kwamba sakafu ina maji. Akasema, “Asante, Mama Chelsea, sikuwa nimeyaona.” Ute wa yai unamtiririka kiatuni.

Juu nilimkuta Chelsea anajificha nyuma ya pazia analia. Akaniuliza kama sheria ni ya nyumbani tu au hata ya lifti. Nikamkumbatia. Nikamwambia avumilie siku mbili, mwanangu. Mbili tu.

Alhamisi, 5 Februari

Nimepika chapati kumi na mbili na maharagwe ya nazi, nikampelekea Millicent. Ni kuomba radhi. Pia Bradley ni mlafi na kesho ni kesho. Mtoto aliyeshiba maharagwe hakimbii mbali. Mungu anisamehe, lakini sijamlazimisha kula.

Nilijisifu mpaka jioni. Akili kama hii inakaa kaunta ya kliniki!

Halafu mlango ukagongwa. Millicent, na bakuli langu. Amelelewa vizuri, bakuli la mtu halirudi tupu. Lilijaa mahamri, juu kabisa, ya moto bado. Akasema ni ya Chelsea, apate nguvu.

Nilikuwa nambadilisha Shaun nepi. Nilipotoka Chelsea alikuwa amekula tisa.

Ijumaa, 6 Februari

Saa moja asubuhi, hewa tamu, jua bado halijakasirika. Kocha Mumbua ni mwanamke mfupi, mabega mapana, daftari mkononi. Hacheki. Sisi wazazi nyuma ya kamba, Shaun mgongoni kwangu kwenye leso.

Watoto wawili wanakimbia kama wamebeba mawe: wangu na wa Millicent. Tukatazamana mimi na yeye.

Mwishoni kabisa Bradley akachomoka na mpira. Chelsea akamfuata, akainama, akamshika miguu miwili pamoja. Chini! Mpira ukatoka. Akaudaka. Njia nyeupe. Akamtazama Bradley pale chini. Akanitazama mimi. Nikamwonyesha mbele kwa kidevu. Akaenda! Nyasi za kijani, upepo, kila kitu kilekile cha ndotoni...

Na Bradley hainuki.

Sikumbuki kuruka kamba. Nakumbuka niko katikati ya uwanja, nimepiga magoti, nampangusa mtoto wa watu kwa ncha ya leso, nasema pole baba, pole sana, umeumia wapi. Shaun nyuma anaimba. Bradley akasema hajaumia, tumbo tu limejaa.

Filimbi. Kocha Mwaura alikuja akiwa mwekundu kama pilipili. Mzazi akiingia mchezo unasimama, akasema, na trai ya Chelsea haihesabiwi. Haihesabiwi! Mtoto ameshaweka mpira chini kule mwisho, peke yake. Nikatamani ardhi.

Millicent alishika mlingoti kwa kucheka.

Chelsea akarudi polepole. Nilidhani analia. Akanipita, akaenda kwa Bradley, akampa mkono, akamwambia pole. Nikasema Chelsea! Akanijibu kwa heshima kwamba filimbi imeshalia, Mama, sasa inaruhusiwa.

Kocha Mumbua akafunga daftari. Akasema wa kuangusha wako wengi, na wa kusema pole wako wengi. Anayejua saa ya kila moja hajamwona siku nyingi. Amemchukua Chelsea! Millicent akaacha kucheka, akanikumbatia kwa nguvu. Nikamwambia pole, nikimaanisha.

Kwenye fomu ya kambi, mahali pa maelezo mengine, Kocha Mumbua ameandika kwa herufi kubwa: MZAZI ABAKI DOHA.

Jumamosi, 7 Februari

Nimelala kwa saa sita! Nyasi, upepo, namba saba. Ila ndotoni kulikuwa na kamba, na mimi nje yake.

Wiki tatu Agosti bila mwanangu. Nani atampa chai?

Nimeisoma fomu mara nne. Imesema mzazi. Haijasema mpishi. Nimempigia dada yake Kocha Mumbua, ambaye namba yake iko kwenye fomu kwa wenye maswali, nikauliza kwa upole tu, nikajitambulisha kama mtu mwingine. Kambi haina mpishi bado. Na jiko, amesema, dirisha lake linatazama uwanja.

Ni dirisha pana, nimeuliza. Mtu anapita.