Sauti ya Shimo Namba Saba

Jumatatu, 8 Februari 1965

Kipaza sauti amepewa Nicanor. Nicanor, fundi cherehani! Mimi Caleb, mwalimu kwa miaka thelathini na mmoja, katibu mwenezi wa Klabu ya Wapiga Kura wa Masara, nimepewa ndoo ya gundi na brashi ya kubandikia matangazo. Uamuzi ulifanywa kwa kuinua mikono. Niliinua miwili. Ukahesabiwa mmoja.

Nieleze kwa utaratibu, maana shajara isiyoeleza haina faida. (Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mke wangu Priscilla anasoma Kijaluo vizuri mno.) Diwani wetu amehamia Kisumu, kwa hiyo tarehe 27 tunachagua mwingine. Klabu yetu inamuunga mkono Bi. Leonida, mjane. Mumewe Okech aliingia Shimo Namba Saba mwaka 1958, kutafuta masalio ya dhahabu yaliyoachwa na Wazungu. Mvua ikanyesha, maji yakaingia. Hakutoka. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Leonida anataka jambo moja tu: shimo lile lifukiwe kabla ya mvua za Machi, lisije likameza mwingine. Tumeandika barua tatu kwa ofisi ya wilaya, Homa Bay. Kimya. Akiwa diwani ataipeleka ya nne kwa mkono wake na kuketi hapo mpaka ijibiwe.

Mpinzani ni Bwana Mokaya, mnunuzi wa vumbi la dhahabu. Anataka mashimo yote yabaki wazi.

Nimebandika matangazo kumi na sita. Mbuzi wamekula tisa. Wanapenda gundi.

Jumanne, 9 Februari

Ugunduzi!

Saa sita mchana nilikuwa shambani kwangu kukagua maharagwe. Pembeni mwa shamba kuna Shimo Namba Nne, nalo pia la Wazungu. Adhuhuri hewa ya moto hutoka humo, polepole, kama mtu anayepumulia kioo. Ni jambo la kawaida. Hewa baridi nzito, hewa moto nyepesi. Nilifundisha hayo darasa la sita.

Nikainama. Nikakohoa.

Mbali kule, kwenye njia ya kisimani, wanawake wakapiga kelele na kutupa madebe. Walikuwa wanapita kando ya Namba Saba. Kutoka Nne hadi Saba ni kama yadi mia tatu! Maana yake kuna handaki chini linalounganisha mashimo hayo mawili. Maana yake nina kipaza sauti kisichohitaji mawe ya redio, yaani betri. Maana yake Nicanor amekwisha.

Alhamisi, 11 Februari

Matangazo ya kwanza. Saa sita kamili, wakati wanawake wanarudi kutoka kisimani. Nilisema maneno matatu tu, kwa sauti nzito ya kanisani: Mchagueni Leonida. Leonida ndiye. Msimsahau Leonida.

Matokeo makubwa mno. Kufikia saa nane soko zima lilikuwa linajua kwamba ardhi imesema. Nicanor alipita kwa baiskeli na kipaza sauti chake na hakuna aliyegeuka. Nilimsalimia kwa upole sana.

Dosari moja. Nilisema maneno matatu. Wanawake wote, nimewauliza mmoja mmoja, wanasema yalikuwa manne. La nne lilikuwa swali: Mvua imekoma?

Sikusema hivyo. Wala hakuna mvua, ni Februari. Bila shaka ni mwangwi. Mwangwi hukata maneno na kuyaunga upya ovyo. "Msimsahau" likizungushwa vya kutosha kwenye miamba linaweza kuwa chochote.

Jumamosi, 13 Februari

Matangazo ya pili. Nilinyamaza baada ya kila neno ili kusikiliza, kama mtaalamu.

Jambo la ajabu kidogo. Nilisema "Leonida ndiye" na pakawa kimya. Nikakuna kichwa, nikafukuza chungu mguuni, nikakaa. Dakika nzima. Ndipo sauti yangu ikarudi kutoka chini: Leonida ndiye. Lakini mimi nina pengo la meno ya mbele, na tangu 1961 maneno hutoka kwangu na upepo. Ile iliyorudi haikuwa na upepo. Ilikuwa safi. Ilikuwa pia ya chini zaidi, na yenye kuchoka.

Nimeelewa. Handaki husafisha matamshi. Laiti ningelikuwa nalo shuleni.

Priscilla ameuliza kwa nini natetemeka kwenye jua. Nikamweleza habari za hewa baridi na hewa moto. Amesema, "Haya, mwalimu," kwa ile sauti yake.

Jumanne, 16 Februari

Mambo yameharibika. Si kwa kosa langu.

Mama Teresa, mamake Okech, alibebwa kwa kiti hadi Namba Saba apate kusikia. Nilikuwa nimetangaza kama kawaida. Mama yule amepofuka, lakini masikio yake hayana kasoro. Alisikiliza, akasema bila kulia: huyo ni mwanangu. Anauliza habari za mvua kwa sababu alituacha mvua ikinyesha.

Sasa kila mtu anasema Okech yumo. Wazee wameketi na kuamua kwamba shimo lenye mtu anayeongea halifukiwi. Mtu akipotea ziwani au ardhini na mwili usionekane, kwetu huzikwa tunda la yago badala yake, lile refu kama mkono, ndipo roho itulie. Kwa Okech tunda halikuzikwa, kwa sababu mamake alikataa, akisema atarudi. Na sasa, wanasema, si mnaona?

Mokaya ameokota jambo hili kama kipande cha dhahabu. Alisimama sokoni juu ya gunia la mtama akauliza watu: huyo mwanamke anataka awe diwani ili amfukie mumewe akiwa bado anaongea? Mliwahi kuona haraka ya namna hiyo? Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakamtazama Leonida aliyekuwa akiuza omena pale pale. Hakuna aliyenunua.

Kikao cha klabu kilikuwa kirefu. Nicanor aliuliza, akinitazama, ni nani mpumbavu aliyeanzisha habari za sauti. Nilipendekeza iundwe kamati ya uchunguzi. Nimechaguliwa mwenyekiti wake.

Alhamisi, 18 Februari

Leonida amekuja nyumbani. Hakukaa kwenye kiti. Aliniita Japuonj, yaani mwalimu, kwa heshima zote, maana nilimfundisha kusoma. Kisha akasema anajua ni mimi.

Nikauliza anajuaje. Akasema hivi: "Okech hakuwahi kuniita Leonida. Hata siku moja. Hilo ni jina la kanisani. Alikuwa na jina lake la kuniita, la utani, la kazi niliyokuwa nikimfanyia, na sijamwambia mtu. Sauti ya huko inasema Leonida, Leonida, kama mtu anayeita majina darasani."

Nikamwuliza ni jina gani. Kwa ajili ya uchunguzi tu. Akasema hilo litabaki lake.

Halafu akaniuliza jambo la pili, polepole. Na ile ya mvua, Japuonj, ni wewe pia?

Nilianza kumweleza habari za mwangwi. Akanitazama mpaka nikanyamaza. Akaniomba nisiseme tena ndani ya shimo lile. Akasema yeye hatafuti kura kwa ajili ya kura. Mwaka jana alimkuta ndama wa jirani ukingoni, miguu miwili ndani, na tangu siku hiyo kila mvua ikinyesha halali.

Nikaahidi. Nilikuwa na uchungu wa kweli. Lakini ahadi ya kutosema tena ina maana pana. Kama mimi ndiye niliyeharibu kwa sauti, ni haki nirekebishe kwa sauti. Okech akisema mwenyewe "Nifukieni", Mokaya atabaki na nini?

Jumatatu, 22 Februari

Mokaya ametangaza mkutano kesho saa sita, ukingoni mwa Namba Saba. Atamwuliza Okech mbele ya watu wote: tukufukie, au tukuache?

Mpumbavu! Amenitengenezea jukwaa kwa mikono yake. Nimeandika hotuba fupi ya Okech, aya tatu, yenye utangulizi. Nimeifanyia mazoezi nyuma ya choo, kwa sauti ya chini na ya kuchoka, nikiziba pengo la meno kwa nta ya mshumaa.

Koo linawasha kidogo. Hewa ya mashimo ina unyevu.

Jumanne, 23 Februari

Sina sauti. Hata chembe! Niliamka nikataka kuomba chai, ikatoka hewa tupu. Priscilla alifurahi waziwazi, akavaa nguo nzuri, akaenda mkutanoni.

Nilikwenda Namba Nne hata hivyo, hotuba mkononi. Ikafika saa sita. Kule mbali nikasikia kipaza sauti cha Nicanor (Mokaya alimwomba akakipeleka, msaliti!) na Mokaya akiita: Okech! Sema! Watu wanakusikiliza!

Nikafungua mdomo. Hewa tupu. Nikajaribu tena. Nta ikanitoka.

Naandika hasa nilichoona. Kila siku adhuhuri shimo lile hutoa pumzi. Leo lilivuta. Majani ya maharagwe yote yaligeukia shimoni. Kofia yangu iliondoka kichwani, taratibu, ikatua ukingoni, ikaingia. Sikusikia ikianguka. Kisha ndege wakanyamaza.

Yaliyofuata amenieleza Priscilla. Amesema Mokaya aliita mara tatu, akawageukia watu akicheka kwamba Okech amekwenda kupiga kura kwa wajomba. Hapo sauti ikatoka. Haikuwa kubwa. Watu wa nyuma hawakuisikia kabisa. Ilisema:

Karani wangu. Mvua inakuja. Fukia, niende.

Watu wakaulizana ni karani gani. Nicanor alidhani anaitwa karani wa kura. Mokaya aliangusha kipaza sauti. Lakini Leonida, anasema Priscilla, aliketi chini pale pale vumbini, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Mama Teresa akapapasa hewani mpaka akampata, akamshika mkono. Baadaye mama yule aliuliza kama kuna mtu anayejua palipo na mti wa yago wenye tunda lililokomaa.

Sijui kwa nini Leonida alilia. Huenda ni uchovu wa kampeni.

Nimefikiri sana jinsi ilivyotokea, maana mimi sikutoa sauti. Maelezo ni mawili. Ama ni mwangwi wa wiki iliyopita uliochelewa njiani. Ama niliifikiria hotuba yangu kwa nguvu sana, na handaki likaisafirisha kama fikra. Nayaona yote mawili yana uzito. Ila hotuba yangu haikuwa na karani yeyote. Labda katika utangulizi.

Jumapili, 28 Februari

Leonida, kura 214. Mokaya, 197. Matokeo yamethibitishwa Homa Bay.

Leo baada ya ibada hakuna aliyesubiri barua ya nne. Watu wote walikwenda Namba Saba, kila mtu na jiwe lake. Wachimbaji wa Mokaya pia walikuja, na wao ndio waliobeba makubwa. Mokaya mwenyewe alileta toroli, bila kumtazama mtu. Kabla ya jiwe la kwanza Leonida aliinama ukingoni akasema kitu kwa sauti ya chini. Nilijitahidi kusogea ili nisikie, kwa ajili ya kumbukumbu za kamati, lakini Nicanor alinikanyaga.

Mawe yaliingia kuanzia saa nne hadi saa kumi. Mwanzoni hayakutoa mlio wowote. Halafu yakaanza kutoa.

Asubuhi na mapema tunda la yago lilizikwa nyumbani kwa Mama Teresa, upande wa kulia wa nyumba, kama azikwavyo mwanamume. Mama yule alisema sasa anaweza kulala.

Katika hotuba ya shukrani Leonida aliwataja watu wote wa klabu. Mimi alinishukuru kwa kubandika matangazo.

Kwa gundi! Wakati ushindi wote umetoka kooni mwangu!

Jumamosi, 6 Machi

Mvua imeanza usiku wa kuamkia jana, kubwa, yenye mawe. Maji yamepita juu ya Namba Saba kama barabarani. Diwani Leonida amelala, nimeambiwa, mpaka jua likawa juu. Alikuja kuniamkia, akaniletea omena. Akaniomba tena, kwa upole, niachane na mashimo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Namba Saba halipo tena.

Sauti yangu imerudi.

Mwezi ujao klabu inachagua mwenyekiti. Nicanor amejitokeza. Lakini nimepima kwa hatua zangu mwenyewe, mara mbili: kutoka Shimo Namba Mbili, nyuma ya kanisa, handaki linapita moja kwa moja chini ya chumba anamoweka cherehani yake. Hebu fikiria! Yupo anapiga pindo la suruali, mguu kwenye kikanyagio, na kutoka sakafuni sauti nzito inamwambia: Nicanor, mwachie Caleb.

Leo saa sita, mvua ilipokatika, nilikwenda kufanya majaribio. Kofia yangu ilikuwa imewekwa ukingoni mwa Namba Mbili. Kavu kabisa, imekung'utwa vumbi. Upepo wa chini ya ardhi una nguvu za ajabu. Nikaivaa.

Nikainama, nikavuta pumzi ili nikohoe kwanza, kusafisha koo.

Kule chini mtu akakohoa.

Mwangwi. Umetangulia kidogo tu.